Mtoto Aliyeitwa Neno

Bendera mpya ilikuwa bado haijapauka pale mbele ya ofisi za serikali, Kakamega, wakati wanaume watatu walipofanya sebule yangu kuwa mahali pa kutafutia maana ya maisha. Waliitafuta karibu kila jioni, tangu ofisi zifungwe mpaka mvua iishe, na mvua ya Kakamega haina haraka na mtu. Muda huo wote mtoto wangu wa kwanza alikuwa mgongoni kwangu, au begani, au kifudifudi mapajani, akilia kama anayechinjwa. Katika hao watatu hakuna hata mmoja aliyewahi kusema, "Hebu lete nikupokee kidogo."

Wa kwanza alikuwa mume wangu. Alikuwa karani wa serikali, kijana msafi, viatu vinang'aa hata siku za matope, na yeye aliamini maisha ni kujenga taifa. Alikuwa analisema hilo akiwa ameketi. Wa pili alikuwa mwalimu wa sekondari aliyeagiza vitabu vya Ulaya kwa posta na kuvisoma mpaka macho yakaharibika. Huyo alishikilia kwamba maisha hayana maana hata chembe, mtu ametupwa tu duniani kama ganda la ndizi, na ni juu yake mwenyewe kujitafutia la kufanya. Aliyasema hayo huku akichovya mandazi yangu katika chai yangu. Wa tatu alikuwa fundi cherehani, Mwislamu, mzaliwa wa Mumias, mtu mpole aliyeshona suruali za nusu ya makarani wa mji ule. Yeye alisema maisha ni mtihani, na majibu tutayapata kwa Mwenyezi Mungu.

"Hata mtoto huyu, shemeji," akaniambia siku moja, "ni mtihani wako."

"Basi njoo unifanyie swali moja tu la huo mtihani," nikamwambia, nikimnyoshea mtoto. Alicheka sana, akainua kikombe.

Nyumba zile za makarani zilikuwa vyumba viwili na paa la mabati lisilo na dari. Mvua ikishuka, ilibidi watu wapige kelele ili wasikizane. Kwa hiyo hebu fikiria: mvua juu, mtoto katikati, na wanaume watatu wanapayuka kuhusu sababu ya binadamu kuumbwa. Majirani walidhani tuna ugomvi usiokwisha.

Mimi mwenyewe sikuwa mjinga. Kabla ya kujifungua nilikuwa napokea simu, nimekaa mbele ya ubao wa waya na matundu, naunganisha watu wa Kakamega na watu wa Kisumu, Eldoret na Nairobi. Kazi ile ilinifundisha mambo. Wakubwa walipigiana kuhusu mikutano na ardhi na nani apewe cheo gani, sauti nzito, heshima tele, na mwishoni kabisa, kabla ya kukata, utamsikia mkubwa yule yule anauliza, "Mvua imenyesha huko? Ng'ombe amezaa? Mama amekula?" Hiyo ndiyo iliyokuwa falsafa yangu, na hakuna aliyeniuliza.

Sasa, shida yenyewe. Mtoto wangu, msichana, alizaliwa mzima, mnene, mwenye mashavu ya kutamanisha kufinya. Kisha akaanza kulia. Asubuhi alikuwa mtu mzuri tu, ananyonya, anatazama moshi wa jiko. Ikifika alasiri, mawingu yakianza kujikusanya upande wa msitu, uso wake ulikunjamana, miguu ikapanda tumboni, na kilio kikaanza. Hakuacha mpaka giza. Nikimpa titi alilitema. Nikimlazimisha, alipaliwa. Kwa siku nyingi akawa ananyonya asubuhi tu, na yale mashavu yakaanza kwenda. Shingo ikawa nyembamba. Nilipomwogesha nilizihisi mbavu zake chini ya vidole. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kwamba mtoto huyu anaondoka, na kwamba ataondoka wakati watu wanakunywa chai.

Nilimpeleka hospitali. Daktari akampima, akamgeuza, akamgongagonga tumbo, akasema hana ugonjwa.

"Mbona analia?" nikauliza.

"Watoto hulia, mama."

Haya. Watu wanasoma miaka yote ile waje waniambie watoto hulia. Nilibeba mtoto wangu nikarudi nyumbani na mvua ikanikuta sokoni.

Lazima niseme habari ya jina, maana hapo ndipo walipoharibu. Mtoto alipozaliwa, mume wangu na wenzake walikaa kikao. Walisema hii ni nchi mpya, na mtoto wa nchi mpya hawezi kubebeshwa jina la nyanya fulani aliyekufa kwa kukohoa. Apewe jina lenye maana, jina la kumwonyesha njia. Walibishana juma zima. Mwalimu alitaka jina linaloonyesha kwamba binadamu yuko huru. Fundi alitaka linalomkumbusha Muumba. Mume wangu alitaka taifa liwemo. Mwishowe walikubaliana juu ya neno moja refu sana walilolitoa gazetini, neno ambalo mpaka leo nalikuta kwenye hotuba na kila nikilikuta nacheka peke yangu. Mimi nilikuwa kitandani, nimechoka, nikasema sawa. Lilikuwa neno la kuhitaji pumzi mbili kulimaliza. Mtoto mwenyewe alikuwa na urefu wa mkate.

Mama mkwe wangu alifika siku chache baada ya ile safari ya hospitali. Alitoka Lugari, ambako yeye na baba mkwe walikuwa wamepata shamba katika yale ya Wazungu walioondoka, wakahama kutoka nyumbani kwao pa zamani kule karibu na Shianda. Alishuka na kuku wawili wamefungwa miguu, unga wa wimbi, na mkungu wa ndizi kichwani. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyecheka ovyo. Nilimwogopa kidogo. Alikaa, akanywa maji, akapokea mtoto, akamtazama kwa muda mrefu.

"Anaitwa nani?"

Mume wangu akalitamka lile neno, lote, kwa fahari.

Mama mkwe akangoja, kana kwamba kuna sehemu nyingine inakuja. Kisha akauliza, "Na huyo mwenye jina hilo alikufia wapi?"

"Hakufa, mama. Si mtu. Ni neno."

"Neno."

"Ndiyo, mama. Lina maana kubwa."

"Kwa hiyo mtoto anaitwa neno," akasema mama mkwe, akanigeukia mimi. "Ndiyo sababu analia. Mtoto hulianga hivi akitafuta mwenyewe wa jina. Mmempa jina ambalo halina mtu ndani."

Mume wangu alikohoa, akatazama viatu vyake. Alijua vizuri anachoambiwa, amekulia ndani yake. Kwetu mtoto akilia bila ugonjwa, mwanamke mzee wa upande wa baba anakaa naye na kumtajia waliokufa, mmoja baada ya mwingine. Akifika kwa yule anayetaka kurudi nyumbani, mtoto ananyamaza. Basi, jina limepatikana, watu wanakula kuku. Mume wangu alifikiri ameyaacha hayo yote pale alipopokea kalamu ya serikali.

"Mama, hizo ni imani za zamani," akasema.

"Sawa. Na huyu anayelia ni wa zamani?"

Shauri likabaki hapo kwa siku mbili tatu, maana mume wangu alikuwa mkaidi na mama yake hakuwa mtu wa kuomba. Halafu kulikuwa na jambo la mahali pa kulala. Mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, hilo halina mjadala hata kwa mjenga taifa. Na nyumba yetu ilikuwa hiyo hiyo moja. Ndipo fundi cherehani akasema mkewe atafurahi kumpokea. Kwa hiyo kila jioni kabla ya giza mama mkwe alivuka barabara, akaingia kwa fundi. Mke wa fundi akimsalimu "Asalaam aleikum," naye anaitikia kwa salamu ya kwetu, "Mulembe," na wote wawili wakaridhika kwamba wamesalimiana. Asubuhi alirudi akiwa amepakwa hina kwenye kucha.

Mtoto akazidi kukonda. Siku niliyoishiwa uvumilivu ilikuwa siku ya mvua kubwa, ile inayofanya mifereji ya barabarani itapike. Wanaume walikuwa wameshafika na mvua ikawafungia ndani. Mama mkwe naye alikuwa ameshindwa kuvuka kwenda kwa fundi. Mtoto alikuwa amelia tangu mawingu yajikusanye, na sasa sauti ilikuwa imekwaruza, haina nguvu tena, inatoka kama ya kipaka. Hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. Nilijaribu titi, akageuza uso. Na pale pale mwalimu, ili kusikika juu ya mabati, akapayuka:

"Kilio chenyewe ni ushahidi! Mtoto anatambua kwamba amezaliwa bila kuulizwa!"

Wee! Nilisimama, nikachukua sahani ya mandazi kutoka mbele yake, nikaiweka juu ya kabati.

"Sikilizeni nyote," nikasema. "Huyu mtoto anakufa. Kama kuna mtu ana maana ya maisha hapa, ampe titi atakalolikubali. Kama hana, anyamaze. Mama, tafadhali. Mtajie."

Nilimtazama mume wangu aniambie ni imani za zamani. Alimtazama mtoto, ile shingo, akasema, "Mtajie, mama." Alisema kwa sauti ndogo hata sijui mama yake alisikiaje.

Mama mkwe akaketi mkekani, akanyosha miguu, akamlaza mtoto mapajani, akaanza. Alianza na wakubwa, kwa utaratibu. Alimtaja kwanza mama wa baba mkwe, mwanamke ambaye pombe yake ya busaa ilifanya watu wasahau kurudi kwao. Mtoto alilia. Akamtaja dada yake huyo bibi, aliyeolewa mbali akazaa mapacha wengi na kutisha kijiji kizima. Mtoto alilia. Akamtaja shangazi wa mume wangu aliyekuwa wa kwanza kusoma Biblia katika ukoo, na hapo nakumbuka mume wangu alijiinua kitini kwa matumaini, maana huyo angalau alikuwa na maendeleo kidogo. Mtoto alilia hata zaidi, na akarusha teke. Nadhani hakutaka kuamka mapema Jumapili.

Mama mkwe aliendelea. Kulikuwa na mmoja aliyejua dawa za kuku. Kulikuwa na mmoja aliyempiga mumewe mbele ya watu na hakuna aliyemlaumu. Nilimwombea huyo kimoyomoyo apite, lakini wapi. Mwalimu, ambaye alikuwa amelisahau kabisa ganda lake la ndizi, alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, akifuata kila jina kama mtu anayesikiliza matokeo ya mpira kwenye redio. Fundi alikuwa anamnong'oneza Mungu. Jina likitajwa, sote tunamtazama mtoto. Mtoto analia, sote tunashusha pumzi.

Kisha mama mkwe akanyamaza.

"Endelea, mama," nikasema.

"Wamekwisha."

"Hawawezi kuisha!"

"Wamekwisha, mwanangu. Wakubwa ni hao." Alimpapasa mtoto tumbo. "Aliyebaki ni yule mdogo tu. Na yule hatajwangi."

"Mdogo gani?"

Hakunijibu mimi. Alisema akitazama mlango, kule mvua ilikokuwa inarukia kizingitini. "Yule aliyemtangulia huyu," akasema, akielekeza kidevu kwa mume wangu.

Mume wangu alitaka kucheka. "Mama, mimi ndiye kifungua mimba wako."

"Wewe ni wa pili."

Ilibidi aseme kwa vipande, na kwa sauti, kwa sababu ya mabati. Alikuwa amezaa msichana, akiwa mdogo kuliko mimi siku ile. Mtoto alinyonya, akakua kidogo, akaanza kumjua mtu kwa uso. Akashikwa na homa. Akaenda kabla hajaota jino. Na katika nyumba ile, mtoto asiye na jino hapigiwi ukemi wa msiba, watu hawaitwi, ng'ombe hachinjwi. Wanawake wawili walimzika nyuma ya nyumba, kando ya migomba, na jioni yake akaambiwa apike, kwa sababu baba mkwe amerudi na njaa. Alipika. Hakumtaja tena mtoto yule, na hakuna aliyemtaja.

"Tulipohamia Lugari," akasema, "tulibeba yote. Tulibeba mabati ya zamani, tukabeba mpaka jiwe la kusagia. Shemeji yangu aliyebaki kule akalima pale nyuma ya nyumba ya zamani. Ameweka mahindi."

Nilimwona mume wangu. Mdomo wake ulikuwa wazi na hakujua. Mtu amejiita mkubwa wa nyumba maisha yake yote, amekaa mbele kwenye kila kikao, amekula sehemu ya kifungua mimba kwenye kila kuku, leo anaambiwa kuna dada.

"Kwa nini hukumtaja na wale wengine?" nikauliza.

"Hapewangi mtu jina la mtoto kama yule. Unampa mtoto jina la mtu aliyefanya kitu, ili na yeye afanye. Yule alifanya nini? Hakulima. Hakuolewa. Hakuimba hata kanisani. Alinyonya, akalia, akaenda."

Mtoto wangu alikuwa analia hapo mapajani pake, miguu imekunjwa tumboni, ngumi mbili zimefungwa.

"Na huyu wangu, mama," nikasema, "huyu anafanya nini kingine?"

Nilimtazama mwalimu na vitabu vyake vyote, akatazama kikombe chake. Nilimtazama fundi, naye alikuwa anafuta macho kwa kofia yake. Mama mkwe aliinama akasogeza mdomo karibu na sikio la mtoto, akasema kitu. Mabati yalikuwa yanapiga kelele, hata mimi niliyekaa karibu naye sikusikia.

"Hasikii, mama," nikamwambia. "Sema kwa nguvu."

"Sijawahi kulisema kwa nguvu."

"Sema."

Akavuta pumzi. Akaliita. Aliliita kama mwanamke anavyoita mtoto aliyechezea mbali na chakula kimeiva, kwa sauti ya kifuani, ya kuvuka shamba. Lilikuwa jina la kawaida kabisa, jina la msimu wa palizi, wasichana wengi wa kwetu wanalo. Aliliita tena. Mara ya tatu sauti ilikatika katikati, akalimalizia hivyo hivyo.

Na mtoto wangu, haki ya Mungu, akajamba.

Sisemi kwa utani. Alijamba shuzi refu la mtu mzima, shuzi la mzee aliyekula maharagwe, likasikika juu ya mvua ya Kakamega. Miguu ikashuka. Ngumi zikafunguka. Akafumbua macho, akamtazama mama mkwe usoni, akanyamaza. Nilimnyakua, nikampa titi, akalishika kama mwizi, akanyonya mpaka jasho likamtoka kwenye pua.

Mwalimu ndiye aliyetangulia kusema.

"Kwa upande wa sayansi," akaanza, "gesi ikijikusanya tumboni—"

"Funga mdomo," nikamwambia, naye akaufunga. Fundi akasema, "Subhanallah," na sijui kama alimaanisha jina au shuzi. Mpaka leo mimi mwenyewe sijui ni lipi lililomponya mtoto wangu. Nimekaa na swali hilo miaka, na nimeona halinisumbui. Kama dada mtu alirudi, alirudi kwa njia aliyoiona iko wazi.

Mume wangu aliondoka kitini pake, akaja akaketi mkekani kando ya mama yake, na suruali yake ile ya pasi. Aliweka mkono juu ya mguu wa mama yake. Mama mkwe alikuwa analia, bila sauti, machozi yanashuka tu na yeye hayafuti, na mtu angesema analia msiba wa jana. Nililia na mimi. Mwalimu alikwenda kusimama dirishani akijifanya kutazama kama mvua imepungua.

Baadaye kidogo nikarudisha sahani ya mandazi mezani. Hakuna aliyekula.

Nisidanganye mtu. Kesho yake mtoto alilia tena, kesho kutwa pia. Lakini kidogo, na alikubali titi, na mama mkwe alikuwa amenionyesha jinsi ya kumsugua tumbo na kumkunja magoti. Mashavu yakarudi polepole. Hakuna aliyerudi kwa lile neno la gazetini. Mume wangu alianza kumwita mtoto jina la dada yake. Mwanzoni alilitamka kwa aibu, akilijaribu, kama mtu anayevaa kiatu kipya. Tulichinja kuku mmoja kati ya wale wawili, na mume wangu alipopewa sehemu yake ya kawaida aliitazama, akaisogeza upande wangu, akasema, "Mpe mkubwa." Kwa hiyo nililila paja la kifungua mimba kwa niaba ya mtu asiye na jino. Lilikuwa tamu sana.

Ile mikutano haikufa. Wanaume hawaachi kitu kirahisi hivyo. Waliendelea kutafuta maana ya maisha, mwalimu akizidi kuona giza, fundi akizidi kuona mitihani. Ila sasa kilio kikianza, mume wangu alinyosha mikono bila kuitwa, akampokea mtoto, akambeba kama ndoo iliyojaa mpaka ukingoni, akaendelea kubishana huku anatembea kutoka ukuta mpaka ukuta. Hata mwalimu alijaribu siku moja. Mtoto alimtapikia kwenye tai. Nilifurahi moyoni kupita kiasi.

Mama mkwe alirudi Lugari na kucha zake za hina. Kabla hajapanda gari alinishika mkono, akasema, "Asante kwa kunipigia kelele." Nilikuwa nimejiandaa aniambie kitu kingine kabisa, kwamba nimekosa adabu mbele ya wageni. Nikamwambia asisahau kikapu.

Msichana alikua. Alipoanza kukimbia na kujibu watu jeuri, tulikuwa tunampeleka Lugari wakati wa likizo. Mahindi yale ya Lugari yalikuwa marefu kuliko mtu, na nyumba ya wakwe ilikaa katikati yake. Mtoto alikuwa akipotelea humo ndani na wenzake kutwa nzima. Na mama mkwe, bibi yake, ambaye yeye alimwita kukhu, alikuwa akitoka, anasimama nyuma ya nyumba, anaweka mikono mdomoni, anaita lile jina. Kwa ile sauti ya kifuani. Aliita asubuhi, aliita mchana, aliita wakati wa kufunga ng'ombe.

Siku moja nilikuwa nachambua kunde kibarazani, mtoto akatoka mbio kwenye mahindi, amelowa jasho, amekasirika.

"Mama, kukhu ananiita bure! Nikienda namwuliza anataka nini, anasema hataki kitu. Anasema ameita tu. Kila siku! Wenzangu wananicheka."

Kule nyuma ya nyumba mama mkwe akaita tena.

"Ona!" akasema mtoto. "Siendi."

Niliacha kunde. Nilimshika mabega, nikamgeuza upande ule, nikampa kofi dogo la makalio. "Enda," nikamwambia. "Hata kama hataki kitu. Akiita, itika."

Alinuna. Akavuta miguu mpaka pembeni mwa nyumba. Kisha, kwa hasira zake zote, akapaza sauti mpaka kuku wakatawanyika uani:

"Niko hapa, kukhu! Niko!"